Mishomoroni, hospitali ya matrekta yaliyokatiwa tamaa

UKIPANDA matatu katikati ya mji wa Mombasa, ukavuka daraja la Nyali, ukaliacha nyuma soko la Kongowea na kelele zake, kisha ukaifuata barabara ya Kisauni, haupiti muda mrefu kabla hujamsikia makanga akiita: "Mishomoroni! Wa Mishomoroni wasogee mlangoni!" Wengi wanaoshuka hapo ni watu wanaorudi makwao, mikononi wamebeba mboga na mkate wa jioni. Wachache mno hushuka hapo kutafuta trekta. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wachache.

Najua msomaji atauliza: trekta Mishomoroni? Swali hilo ni la haki. Mtaa huu hauna mashamba ya kulima. Nyumba zimekaribiana bega kwa bega, maduka ya simu yamepakana na vibanda vya viazi karai, na mahali palipokuwa na minazi kumi leo ukiiona miwili umebahatika. Lakini penye wengi pana mengi. Nyuma ya safu moja ya maduka kuna kinjia ambacho lori hupita kwa kukunja vioo vyake vya kando. Ukikifuata hadi mwisho unatokea kwenye uwanja wa mchanga uliofunikwa na kivuli cha mwembe mkubwa. Chini ya mwembe huo ndipo nilipolikuta trekta, au tuseme vipande vya trekta: boneti huku, magurudumu kule, na injini imelazwa juu ya magogo mawili ya mnazi kama maiti inayosubiri kuoshwa.

"Usiogope, mwanangu," aliniambia mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya debe, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko. "Huyu hajafa. Amezimia tu."

Huyo ndiye fundi mwenyewe. Ana umri wa miaka 71, na pale uwanjani wote, wadogo kwa wakubwa, humwita Ami. Aliniomba nisiliandike jina lake, kwa maana, alisema, likiandikwa gazetini watakuja watu wenye magari madogo, naye magari madogo hayampendezi. Kazi yake ni matrekta, na hasa yale ya zamani ambayo mafundi wengine wameyatazama, wakatikisa vichwa na kwenda zao.

NIMUUZE KWA KILO?

Mgonjwa wa siku hiyo, ambayo ilikuwa mwishoni mwa Januari, alikuwa Massey Ferguson 35. Ni trekta dogo, kimo chake hakimfikii mtu mzima begani ukilipima kwenye boneti, na uzani wake ni kama tani moja u nusu. Kibati chake cha namba kilikuwa kimeliwa na kutu, lakini Ami alikisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akasoma namba, akasema bila kusita kwamba lilitoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1961.

Mwenyewe ni mama mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka upande wa Kaloleni, Kaunti ya Kilifi. Marehemu mumewe alilinunua trekta hilo mwaka 1978, wakati huo likiwa tayari limeshachoshwa na wengine. Lililima shamba lao la mahindi, likalima mashamba ya majirani kwa malipo, likabeba mawe ya kujengea madarasa, na siku za harusi likavuta tela lililojaa wapiga ngoma. Mumewe alipofariki, likaegeshwa chini ya mkorosho. Lilikaa hapo miaka 11. Kuku wakataga chini ya kiti chake, na mvua ikaingia kwenye bomba la moshi ambalo hakuna aliyekumbuka kulifunika.

Wana wa mwalimu huyo wanaishi mjini Mombasa, nao si watu wabaya. Wana kodi ya nyumba, wana karo, na kila wakienda nyumbani wanaona chuma kinaoza. Mwaka jana mmoja wao alikuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi akalizunguka trekta mara mbili, akaligonga kwa nyundo, akataja bei: shilingi 50,000 taslimu, na lori litakuja kesho.

Msomaji anaijua biashara hii. Ilifikia hatua kwamba Januari mwaka 2022 Serikali iliipiga marufuku kote nchini, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na watu kuuza vyuma vyake. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi wa Mei mwaka huo huo, na mizani ikarudi vichochoroni. Tangu hapo kila kilicho kizito na kisichotembea kiko hatarini.

"Niliwauliza wanangu," mama huyo alinisimulia, "huyu ndiye aliyewasomesha nyote wanne, leo nimuuze kwa kilo kama sukari?"

Hata hivyo, mwalimu ni mwalimu. Hakuwapuuza watoto wake. Walikaa kikao, wakakubaliana hivi: atauza ng'ombe wawili, alitengeneze. Kama masika yatafika na trekta halijaingia shambani, basi halitakuwa na mjadala tena, mnunuzi wa vyuma atapigiwa simu. Kwa hivyo Ami hakupewa trekta peke yake. Alipewa na siku za kuhesabu.

KULIKUWA NA MKONGE HAPA

Si ajabu kama inavyoonekana kwamba fundi wa matrekta apatikane upande huu wa bara ya Mombasa. Kabla ya kuwa mitaa ya nyumba za kupanga na majumba ya kifahari, sehemu za Nyali zilikuwa shamba la mkonge. Daraja la kwanza la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1931, lilikuwa likielea juu ya maji, hadi lilipokuja kustaafishwa na daraja la sasa mwaka 1980. Ukiendelea na barabara ya Malindi hadi Vipingo utauona mkonge hadi leo, umepangwa mistari kama wanafunzi wakati wa gwaride.

Mashamba makubwa yalihitaji mashine, na mashine zilihitaji watu wa kuzifungua na kuzifunga. Ami alianza kazi mwaka 1972, akiwa kijana wa miaka 18, katika karakana ya shamba moja la mkonge pwani ya kaskazini. Mwalimu wake alikuwa Kalasinga mmoja mkali aliyekuwa na desturi ya kumfunga kitambaa machoni, kisha akamtia nati mkononi na kumwuliza ni ya sehemu gani. Akikosa, anafagia karakana.

"Nilifagia miaka miwili," alisema Ami huku akicheka. "Mwaka wa tatu fagio akapewa mwingine."

Hapo Mishomoroni alihamia baadaye, akapewa ule uwanja wa chini ya mwembe kwa kodi ndogo na rafiki ambaye sasa ni marehemu. Katika siku nzuri, alisema, alikuwa na matrekta matatu kwa wakati mmoja, na wateja kutoka Kwale hadi Malindi.

SIRI YA MIKONO MITATU

Nilimwuliza Ami kwa nini watu wahangaike na trekta la mwaka 1961 ilhali yako mapya yenye vioo na redio. Hakunijibu kwa maneno. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya trekta, mahali plau hufungwa, akanionyesha mikono mitatu ya chuma, miwili chini na mmoja juu.

Mikono hiyo ina historia. Aliyeibuni ni Harry Ferguson, mtoto wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1884 kaskazini mwa Ireland. Huyu alikuwa mtu asiyetulia. Tarehe 31 Desemba 1909 alirusha ndege aliyoiunda mwenyewe, akawa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege nchini Ireland. Baadaye akaugeukia udongo.

Wakati huo plau ilikuwa ikikokotwa nyuma ya trekta kama ng'ombe anavyokokota gari. Ili trekta lisiteleze, lilipaswa kuwa zito, na uzito huo ulikandamiza udongo. Tena palikuwa na hatari: plau ikinasa kwenye mwamba au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikainuka, nalo likampindukia dereva. Wengi walikufa hivyo.

Ferguson alifunga plau kwenye mikono mitatu inayoinuliwa na kushushwa kwa pampu ya mafuta, hata plau na trekta vikawa kitu kimoja. Kwa mfano tunaoujua sote, ni tofauti ya kumburura mtoto kwa mkono na kumbeba mgongoni kwa leso. Mtoto ni yule yule, lakini akiwa mgongoni uzito wake unatua mahali pake. Vivyo hivyo plau ikizama ardhini, ukinzani wa udongo huyakandamiza magurudumu ya nyuma yashike vizuri, na pua ya trekta haiinuki. Kwa njia hiyo trekta jepesi likaweza kazi ya trekta zito. Leo karibu kila trekta duniani, liwe la kampuni gani, lina mikono hiyo mitatu.

Kuanzia mwaka 1946 hadi 1956 zaidi ya matrekta 500,000 madogo ya kijivu yenye jina la Ferguson yaliundwa Coventry. Wanafunzi watafurahi kujua kwamba Januari mwaka 1958 Edmund Hillary, yule aliyepanda Mlima Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka 1953, alifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa matrekta hayo ya Ferguson, yakiwa yamevishwa minyororo ili yapite juu ya theluji. Mdogo wao ndiye huyu Massey Ferguson 35, mwenye boneti jekundu na mwili wa kijivu. Kwa kuwa matrekta ya ukoo huu yaliendelea kuundwa India na Pakistan kwa miaka mingi, vipuri vyake vingi bado vinapatikana madukani Mombasa. Hiyo ndiyo siri ya pili: trekta hili liliundwa na watu waliotarajia kwamba siku moja litaharibika, na kwamba atakayelitengeneza atakuwa mtu wa kawaida mwenye spana chache.

Lakini spana bila mtu ni chuma juu ya chuma. Jirani zetu wa Tanganyika waliliona hilo mapema. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, na baadaye Nachingwea na Urambo. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa masalio ya jeshi, mengine yakiwa yamechakaa kabla hayajaguswa. Yakakutana na mibuyu, vichaka na udongo mgumu kama saruji. Yakaharibika kwa wingi, na vipuri na mafundi vilikuwa haba. Mradi huo ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Fedha zilikuwapo, na mashine zilikuwapo. Wasiotosha ni akina Ami.

MAFUTA YA TAA NA CHAKI

Sasa turudi chini ya mwembe. Ami alipoifungua injini alikuta alichokiogopa. Maji ya mvua yaliyoingia kwa bomba la moshi yalikuwa yamezigandisha pistoni mbili kati ya tatu ndani ya silinda zake. Injini ya aina hii, Perkins ya silinda tatu, hutumia dizeli na haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi kuwa sehemu kama moja ya 17 ya nafasi yake ya awali, ikawa na moto wa kuiwasha dizeli inaponyunyizwa. Pistoni ikivujisha hewa, hakuna joto, na pasipo joto hakuna kuwaka.

Vijana wa pale walitaka kuzigonga kwa nyundo. Ami akakataa. Alimimina mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya gia juu ya kila pistoni, akafunika kwa gunia, akasema, "Haya, tumwache anywe dawa." Dawa ilinywewa siku 12. Kila asubuhi aliongeza kidogo, akaweka kipande cha mbao juu ya pistoni, akakigonga mara tatu polepole, akaondoka. Siku ya kumi na tatu nilikuwapo. Pistoni ilitoa mlio kama wa mlango wa zamani, ikashuka upana wa kidole. Hakuna aliyepiga makofi. Ami aliagiza kahawa tungu kwa watu wote.

Likabaki swali zito zaidi. Je, bloku ya injini ilikuwa na ufa? Kama ina ufa, basi ng'ombe wawili wamekwenda bure. Mama mwalimu alikuwa amekuja siku hiyo kutoka Kaloleni, amevaa leso mbili na viatu vya safari, ameketi kwenye benchi bila kusema mengi.

Ami aliisugua bloku hadi ikawa safi, akaipaka mafuta ya taa, akaiacha kidogo, akaifuta ikauka. Kisha akasema, "Nileteeni chaki." Vijana wakatazamana. Mama mwalimu akafungua mkoba wake, akatoa kijisanduku cha chaki nyeupe. Amestaafu miaka mingi, lakini chaki hazijatoka mkobani.

Chaki ilipondwa ikawa unga, ukapakwa juu ya chuma. Kama pana ufa, hata mwembamba kuliko unywele, mafuta ya taa yaliyojificha ndani yake huchuruzika polepole na kuchora mstari wa unyevu kwenye ule weupe. Tulisubiri. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, Ami akaenda kuswali, akarudi. Unga ulikuwa mweupe vile vile, kama ubao ambao haujaandikwa kitu.

"Mzima," alisema Ami.

Mama mwalimu aliinamisha kichwa, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akauliza ni nani pale anayeandika haya yanayofanyika. Ikawa kimya. Hapana aliyekuwa akiandika. Miaka zaidi ya 50 ya ufundi ilikuwa imehifadhiwa ndani ya kichwa kimoja chenye kofia ya vitone.

DAFTARI LA MSICHANA

Miongoni mwa wanafunzi wa Ami yumo msichana mmoja wa miaka 19. Alimaliza kidato cha nne, akawa anakuja uwanjani kila asubuhi kuwauzia mafundi mahamri na mbaazi za mamake. Akawa anachelewa kuondoka. Siku moja Ami akamwambia, "Kama hutaki kwenda, shika spana hii." Mamake hakupendezwa mwanzoni. Siku hizi mahamri yanaletwa na mdogo wake.

Mama mwalimu alimtuma dukani akamnunulia madaftari mawili. Kuanzia siku hiyo, kila hatua ikaandikwa: silinda zilizotiwa mikebe mipya katika karakana moja kisiwani, krenki iliyokerezwa robo ya milimita, pampu ya dizeli iliyopelekwa kwa fundi wa pampu kwa kuwa Ami mwenyewe husema haigusi kazi asiyoijua. Ikaandikwa pia kwamba nati za kichwa cha injini hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa zamu tatu, kama mtu anavyotandaza mkeka ili usikunjamane.

Haraka hiyo ya kuandika ilikuwa na sababu ambayo Ami aliniambia siku tuliyobaki wawili. Warithi wa rafiki yake wanataka kujenga. Amepewa notisi ya kuuhama uwanja kabla ya mwisho wa mwaka, na mahali pa mwembe patasimama nyumba ya ghorofa nne. Hakuwalaumu. "Kiwanja ni chao," alisema, "na mimi nimekaa kwa wema wa baba yao." Lakini kodi ya mahali pengine penye nafasi ya trekta haimudu. Huenda huyu wa Kaloleni akawa wa mwisho kulazwa hapo.

Nilizitazama zana zake zilizotundikwa kwenye shina la mwembe, nikafahamu kwamba palikuwa na vitu viwili vilivyokuwa vikisubiri kuuzwa kwa kilo, na kimoja tu kati yavyo ndicho kilichokuwa cha chuma.

MOSHI WA KWANZA

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Mawingu yalikuwa yamekwishaanza kujikusanya upande wa bahari. Wana wawili wa mama mwalimu walikuja pia, wamesimama kando, mikono mifukoni. Mmoja wao, nadhani, alikuwa na namba ya mnunuzi wa vyuma kwenye simu yake.

Betri ikafungwa. Staata ikalia, injini ikazunguka. Haikuwaka. Ikazungushwa tena. Kimya. Mara ya tatu sauti ya betri ikaanza kuchoka, na mtu mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Basi tena."

Ami hakusogea alipoketi. Alimtazama yule msichana, akamwuliza, "Anakosa nini?"

Msichana alifikiri. "Dizeli ipo," alisema. "Pampu ni nzima. Ana hewa, Ami."

"Basi mtoe."

Akalegeza parafujo ya juu ya chujio, akaipiga kwa kidole ile pampu ndogo ya mkono. Povu likatoka, likapungua, ikatoka dizeli tupu. Akakaza. Akaenda kwenye pampu kubwa, akafanya vivyo hivyo. Kisha akalegeza mabomba matatu ya kwenda kwenye silinda, moja baada ya jingine, huku mwenzake akizungusha injini, mpaka kila bomba likatema dizeli bila mapovu. Akajifuta mikono, akasema, "Sasa."

Injini ikazunguka mara mbili, ikakohoa, ikatoa wingu la moshi mweupe lililowatimua kunguru mwembeni, kisha ikashika. Kwanza kwa kusuasua, halafu kwa ule mdundo wa tatu-tatu ambao waliokulia shamba hawausahau. Mmoja wa wale wana wawili alitoa mikono mifukoni. "Ndiyo sauti ya baba akirudi," alisema, na hakusema zaidi.

Mama mwalimu alingoja kelele zipungue, akauliza gharama. Msichana akafungua daftari: vipuri, kukerezwa, pampu, matairi mawili ya nyuma, usafiri na malipo ya mafundi, jumla shilingi 214,000. Mama akapiga hesabu kwa kichwa. Akiwalimia majirani kwa shilingi 3,500 kwa ekari, atahitaji ekari 61 na kipande kuzirudisha, bila kuhesabu dizeli. "Si mchezo," aliwaambia wanawe. "Lakini trekta jipya ni mamilioni, na ng'ombe wawili hawalimi ekari 61."

HADI KALOLENI

Uingereza na Ireland kuna watu wengi wanaofufua matrekta ya aina hii. Huyapaka rangi hadi yang'ae, wakayapeleka kwenye maonyesho, wakapewa vikombe. Hilo ni jambo zuri. Lakini la Mishomoroni halikupakwa hata ufagio mmoja wa rangi. Mama alisema rangi itangoja mavuno.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Kaloleni. Masika yalikuwa yameanza, udongo umelowa vizuri. Trekta lilikuwa shambani na plau lake la sahani mbili, nyuma yake yangeyange wakiokota wadudu kwenye mifuo mipya. Aliyekuwa usukanini ni mwanawe mkubwa, yule aliyeleta mnunuzi wa vyuma. Alikuwa amechukua likizo ya siku tano, nayo ilikuwa siku ya nne. Jirani watatu walikuwa wameketi chini ya ule mkorosho wakingoja zamu zao. Ekari 61 haziko mbali kama zilivyoonekana.

Ami naye alikuwapo, amekuja kumwangalia mgonjwa wake. Nilimwuliza kuhusu uwanja. Notisi iko pale pale, alisema. Lakini mama mwalimu amempa ruhusa ya kuweka zana chini ya mkorosho kila ikija kazi ya upande huo, na msichana amejiandikisha katika chuo cha ufundi kwa muhula ujao, akiwa na madaftari yake mawili. La kwanza limejaa tayari.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Msomaji, ukirudi kwenu likizo hii, tazama chini ya mkorosho au nyuma ya ghala. Huenda kuna trekta, au cherehani, au mashine ya kusaga, au baiskeli ya babu. Kabla ya kumpigia simu mtu wa mizani, mtafute kwanza fundi mzee aliye karibu nawe, na umpelekee kijana mwenye daftari. Chuma kinaweza kungoja miaka 11 chini ya mti. Fundi hangoji.